Cheti cha Kijani Hakisemi Unavuta Hewa Gani

Siku hizi ukipanda Capri Point au ukizunguka katikati ya jiji la Mwanza hukosi kukutana na tangazo la ofisi za kupangisha lenye maneno "jengo la kijani". Moja nililolisoma mwezi uliopita liliahidi maegesho, lifti mbili, mandhari ya ziwa, na "hewa safi iliyochujwa kwa viwango vya kimataifa". Watu wanaolipokea tangazo la namna hiyo wamegawanyika. Kuna wanaoamini kwamba cheti kikishapatikana, hewa ni salama na mjadala umekwisha. Na kuna wanaocheka: mji uliokaa ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, mtu anauziwa hewa? Naona makundi yote mawili yamekosea palepale. Yanadhani cheti kinazungumzia hewa iliyomo ofisini leo, wakati kinazungumzia jengo lilivyochorwa na lilivyokabidhiwa. Kati ya michoro ile na pumzi ya karani wa ghorofa ya tatu kuna kichujio, na kwa Mwanza swali zito la kichujio ni nani atakibadilisha, lini, na kwa fedha ya nani. Daraja lake ni swali la pili.

Vyeti vyenyewe vinasemwa kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe vinatofautiana sana. Mfumo wa EDGE, ulioanzishwa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) lililo ndani ya kundi la Benki ya Dunia, unapima mambo matatu: nishati, maji, na nishati au hewa ukaa iliyotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi. Jengo likionyesha kwamba limeokoa angalau asilimia 20 katika kila kimoja, likilinganishwa na jengo la kawaida la eneo lake, limepita. Mapafu hayamo kwenye orodha hiyo, na silaumu, maana mfumo huo haukuundwa kwa kazi ya mapafu. LEED, wa Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani, ni mpana zaidi. Una alama 110, na jengo linahitaji 40 ili lipate cheti cha chini kabisa, 60 kwa dhahabu, 80 kwa platinamu. Katika toleo lake la nne, lililotoka mwaka 2013, sharti la kichujio cha daraja la MERV 13 (MERV ni kipimo cha Marekani cha uwezo wa kichujio kukamata chembe) kwa hewa inayovutwa kutoka nje limewekwa kapu moja na zulia la kufutia viatu lenye urefu wa mita 3 mlangoni, na utaratibu wa kuzuia harufu za vyumba vyenye kemikali zisisambae. Kapu zima lina thamani ya alama moja. Mwenye jengo anaweza kuliacha, akaenda kuichukua alama hiyo kwenye maegesho ya baiskeli, na bado akatundika dhahabu ukutani. Katika toleo hilo kinachobaki kuwa lazima ni kiwango cha uingizaji hewa cha ASHRAE 62.1, cha chama cha Marekani cha wahandisi wa mitambo ya joto na hewa, ambacho katika matoleo ya karibuni kinataka angalau MERV 8 mbele ya koili ya kupozea, na hapo anayelindwa hasa ni koili.

Namba hizo za MERV zina maana gani? Kila fundi wa ujenzi anajua tofauti ya chekeche la mchanga na kitambaa cha kuchujia tui. MERV 8 ni chekeche. Kinapimwa kwa chembe za mikromita 3 hadi 10 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kinatakiwa kukamata angalau asilimia 70 ya hizo. Vumbi la barabara, chavua, nyuzi za nguo, vipande vya wadudu, vyote kinavizuia vizuri. MERV 13 kinakaribia kile kitambaa: kinatakiwa kukamata angalau nusu ya chembe za mikromita 0.3 hadi 1, na asilimia 85 au zaidi ya zile za mikromita 1 hadi 3. Unywele wa kichwani una unene wa mikromita 50 hadi 70, kwa hiyo tunazungumzia vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona hata kidogo. Ulaya walikuwa wanaita daraja la jirani F7, kabla ya mwaka 2018 kuhamia kwenye kipimo cha ISO 16890, ambacho nakipenda zaidi kwa sababu kinamweleza mnunuzi moja kwa moja kwamba kichujio hiki kinakamata asilimia kadhaa ya chembe za ukubwa fulani.

Sasa tuangalie ni nini hasa kinachoelea Mwanza. Kuna vumbi, hilo halina mjadala, hasa Juni hadi Agosti mvua zinapokata na bodaboda zikawa zinapita barabara za udongo za vilimani. Lakini vumbi ndilo adui mwepesi. Adui mzito ni moshi: mkaa wa jikoni kuanzia Mabatini hadi Igoma, taka zinazochomwa nyuma ya nyumba, jenereta za dizeli umeme ukikatika, malori na daladala kwenye barabara kuu. Chembe za moshi kwa sehemu kubwa ziko chini ya mikromita 1, na kwa hizo MERV 8 ni mlango uliofunguliwa. Shirika la Afya Duniani lilipopitia upya miongozo yake mwaka 2021 lilishusha kiwango cha chembe hizi ndogo za PM2.5, yaani zenye upana wa mikromita 2.5 au chini yake, kutoka mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo hadi 5, wastani wa mwaka. Serikali nayo imeshatambua tatizo hilo kupitia jikoni: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwisho wake. Mpaka huko, jengo linalofunguliwa mwaka huu litapumua moshi wa mkaa kwa miaka mingi.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna kamati ya Marekani wala Ulaya iliyolifikiria. Wadudu wa ziwani. Aliyekaa ukanda huu anawajua: wanainuka juu ya maji kwa makundi makubwa kama moshi wa treni, hasa nyakati za giza la mwezi, usiku uleule ambao wavuvi wa dagaa wanawasha taa zao. Upepo ukiwaleta nchi kavu wanafuata mwanga. Asubuhi chini ya kila taa ya nje unakuta lundo la wadudu wakavu wepesi kama pumba, mfagizi anajaza ndoo. Sasa fikiria mlango wa kuvutia hewa ya jengo, uko ukutani upande wa ziwa, na mchoraji ameweka taa ya urembo mita moja kutoka hapo.

Sihitaji kufikiria, nimeona. Mwaka jana nilipanda juu ya paa la jengo moja la ofisi, si mbali na ziwa, pamoja na fundi aliyeitwa kwa sababu ghorofa mbili zilikuwa zinalalamikia joto. Alifungua mlango wa mtambo wa hewa kwa bisibisi. Safu ya kwanza ya vichujio ilikuwa imefunikwa na kitu kama blanketi la kijivu, na ukilikaribia unaona ni mbawa. Mbawa juu ya mbawa, zimeshikamana na vumbi na masizi ya jenereta. Akakitoa kimoja, akakigonga mara tatu kwenye ukingo wa paa, kikatoa wingu, akakirudisha. Mshale wa mwelekeo wa hewa uliochapishwa pembeni ulikuwa sasa unatazama nje. Nafasi ya nne haikuwa na kichujio kabisa. Palikuwa na kipande cha boksi la vigae, kimekunjwa kikashikiliwa na mkanda wa gundi. Nikamuuliza kwa nini. "Mkuu, filta ya saizi hii hapa mjini hakuna. Mpaka iagizwe Dar, na ofisi ikubali." Kitu kilichonikaa kichwani ni upenyo kati ya boksi na fremu, ulikuwa unaingia vidole viwili. Hewa ni mvivu, inapita penye njia rahisi. Ukiwa na vichujio vitatu vilivyoziba na upenyo wa vidole viwili, sehemu kubwa ya hewa itapita kwenye upenyo, na karatasi yako inaweza kusema MERV 13 au MERV 30, moshi hausomi.

Hapa ndipo hoja ya wauza majengo inapoanza kulegea. Wanasema, kwa haki kabisa, kwamba bila cheti mwenye jengo asingeweka hata hiyo nafasi ya kichujio. Nakubali. Majengo mengi ya ofisi yaliyojengwa hapa kwa miongo iliyopita hayana njia yoyote iliyopangwa ya kuleta hewa ya nje, achilia mbali kuichuja. Cheti kinamlazimisha mhandisi wa mitambo kukaa mezani tangu siku ya michoro, na hilo peke yake ni faida. Tatizo ni kwamba cheti cha LEED cha jengo jipya kinatolewa mara moja na hakiishi muda. Kinakaa ukutani miaka kumi, ishirini. Kichujio cha pili kwenye mtambo huishi miezi, na kile cha mbele, kwa hewa ya hapa, wakati mwingine wiki. Kuna mifumo iliyoliona hili: WELL, kwa mfano, mfumo wa vyeti unaoangalia afya ya watu waliomo ndani ya jengo, inataka hewa ipimwe ndani ya jengo lenyewe watu wakiwamo, inaweka kikomo cha PM2.5 cha mikrogramu 15, na cheti chake kinapaswa kuhuishwa kila baada ya miaka 3. Ni mfumo ghali, na sioni ukienea kwetu kesho. Wazo lake la kupima hewa yenyewe badala ya kusoma risiti ya kifaa ndilo la kuiba.

Upande wa pili wako wanaosema haya yote ni mambo ya Ulaya, sisi tuna upepo wa ziwa, fungua dirisha. Hoja hii isidharauliwe, ina nusu ya ukweli na nusu hiyo ni kubwa. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, joto la mchana mara nyingi ni nyuzi 28 au karibu na hapo, na kuanzia asubuhi ikishakomaa hadi jioni upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Jengo lililochorwa kwa akili, lenye madirisha yanayotazamana na kivuli cha kutosha, linaweza kufanya kazi sehemu kubwa ya mwaka bila AC hata moja, na hewa inayoingia saa nane mchana upande wa ziwa ni nzuri kuliko itakayotoka kwenye mtambo wowote uliotelekezwa. Ningependa kuona wachoraji wetu wakilipigania hilo zaidi. Kasoro iko kwenye saa. Usiku mzunguko unageuka, nchi kavu inapoa kuliko maji, hewa inateremka kutoka vilimani kwenda ziwani ikiwa imebeba moshi wa mapishi ya jioni. Alfajiri imetulia, haina nguvu ya kutawanya kitu, na watu wanakoka majiko ya chai. Karani anayefungua dirisha saa mbili asubuhi anafungulia hewa ya saa kumi na mbili. Na anayefanya kazi nyuma ya jengo, upande wa barabara, upepo wa ziwa unamfikia ukiwa umeshapita juu ya jenereta ya jirani.

Dirisha lina tatizo jingine, na hili ndilo pengo kubwa zaidi katika biashara nzima ya vyeti kwa mji kama wetu. Sharti la kichujio linahusu hewa inayoingizwa kwa mitambo. Jengo lenye madirisha yanayofunguka linaweza kuhesabiwa kuwa linapata hewa ya asili, na hapo hakuna wa kuuliza kuhusu MERV. Kwenye michoro dirisha liko wazi. Kwenye maisha, mpangaji anafunga AC ya ukutani wiki ya kwanza, anafunga dirisha ili baridi isitoke, na kuanzia hapo halifunguki tena hadi siku ya kupaka rangi. AC ya ukutani, wapo wengi wasiolijua hili, hailetei chumba hata pumzi moja kutoka nje. Inachukua hewa ileile ya chumbani, inaipoza, inairudisha. Ule wavu wa plastiki unaoutoa ukausuuza bombani ni wa kuzuia manyoya na vumbi nene lisifike kwenye koili. Ukikaa watu kumi na wawili kwenye chumba hicho kuanzia asubuhi, mmoja wao akiwa na kifua kikuu ambacho bado hakijagundulika, mnapokezana pumzi mpaka saa kumi na moja jioni, na Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Kichwa kinachouma saa tisa alasiri, ambacho tunakisingizia chakula cha mchana, mara nyingi ni chumba kilichokosa hewa mpya. Kwa hiyo, ukiniuliza kipi kianze kati ya kuchuja na kuingiza hewa, nitasema kuingiza, bila kusita. Na kabla hujachomeka kichujio kizito kwenye AC ya ukutani kwa sababu umekiona mtandaoni, jua kwamba feni yake ndogo haina nguvu ya kukipenya. Hewa itapungua, koili itaganda barafu, na maji yatadondoka kwenye meza ya mhasibu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayotamkwa kwa kujiamini zaidi kwenye vikao vya ujenzi: kwamba kichujio kizito kinakula umeme, na jengo linalokula umeme si la kijani, basi tuweke chepesi tuokoe dunia. Tuipigie hesabu. Ghorofa ya watu 100 inahitaji, kwa kadirio la lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu, mita 1 ya ujazo ya hewa ya nje kila sekunde. Tuseme kichujio cha MERV 13 kinaongeza ukinzani wa wastani wa paskali 100 juu ya kile cha MERV 8, na feni na mota yake vina ufanisi wa nusu tu. Nguvu ya ziada ni wati 200, chini ya robo ya inachotumia AC moja ndogo ya ukutani. Kwa saa 10 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, ni uniti 44. Ukiweka uniti moja kwa shilingi 350, unapata shilingi 15,400 kwa mwezi kwa ghorofa nzima, yaani shilingi 154 kwa mtu. Chapati ya Kirumba hainunuliki kwa hela hiyo. Hata ukitaka kuchuja na hewa yote inayozunguka ndani, mara tano ya hapo, unafika shilingi 77,000 kwa watu mia moja, na bado hujafikia bili ya taa za urembo za nje, zilezile zinazowaita wadudu. Ukweli ni kwamba kinachokula umeme ni kichujio kilichoziba. Blanketi lile la mbawa nililoliona linailazimisha feni isukume kwa nguvu zaidi, au, kama feni haina nguvu hiyo, hewa inapungua, watu wanasikia joto, wanashusha nyuzi za AC. Anayetaka kuokoa umeme abadilishe vichujio kwa wakati.

Gharama ya kununua ndiyo yenye uzito, na hapo sibishani na wenye majengo. Kichujio cha MERV 13 kinatoka nje ya nchi, kinafika Dar es Salaam, kinapanda basi au lori zaidi ya kilomita 1,000 kuja huku, na kikifika kimekunjamana pembe ni hasara. Ndiyo maana mafundi wetu wanaviosha. Ninawaelewa, na bado ni kosa kubwa, kubwa kuliko linavyoonekana. Vichujio vingi vya nyuzi za plastiki vinapata sehemu ya uwezo wao kutokana na chaji ya umeme tuli iliyowekwa kwenye nyuzi kiwandani. Chaji hiyo ndiyo inayonasa chembe ndogo za moshi bila kuhitaji matundu madogo sana. Ukikimwagia maji ya sabuni, chaji inaondoka. Kitakauka, kitang'aa, kitarudi mahali pake kikiwa na lebo ileile, na kazi yake kwa chembe ndogo imeshuka bila mtu kujua. Hata bila maji, moshi wenyewe huimaliza chaji hiyo polepole. Kipimo cha ISO 16890 kinalijua hilo: kichujio kinapimwa kikiwa kipya, kinapimwa tena baada ya chaji kuondolewa, halafu unachukuliwa wastani. Mhandisi wa Mwanza anayeandika vipimo vya zabuni na kuishia kwenye neno "MERV 13" bila kutaja matokeo ya kichujio kisicho na chaji, anaagiza kitu kitakachofanya kazi vizuri kwenye katalogi.

Dawa ya gharama ipo na haihitaji akili ya ajabu. Weka kwanza wavu wa wadudu kwenye mlango wa kuvutia hewa, wenye eneo kubwa ili usizibe upesi, mahali ambapo mfagizi anaufikia kwa brashi bila kupanda ngazi ya kutetereka. Hamisha taa. Nyuma ya wavu weka kichujio cha kwanza cha bei nafuu, cha aina inayoruhusiwa kuoshwa, na hicho fundi aoshe atakavyo. Nyuma yake ndipo kikae kile cha gharama, ambacho sasa kitakutana na moshi tu na kitaishi miezi mingi. Chagua saizi moja ya fremu kwa jengo zima, ikiwezekana saizi ya kawaida ya sokoni, maana nusu ya kisa cha lile boksi la vigae ni kwamba mtu huko nyuma alinunua mtambo wenye saizi ya peke yake. Weka seti moja ya akiba stoo kabla ya jengo kukabidhiwa. Na funga geji ya kupima tofauti ya shinikizo kati ya mbele na nyuma ya vichujio. Ni kifaa kidogo chenye sindano, kinachomweleza hata mlinzi kwamba sindano ikivuka alama nyekundu apige simu. Tena geji hiyo ina kazi ya pili ambayo watu hawaisemi: sindano ikiwa chini mno kuliko siku ya kwanza, kuna boksi mahali fulani.

Upande wa sheria hatuko mikono mitupu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi pana hewa ya kutosha, na tunazo kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Ya pili inatazama hewa ya nje na mabomba ya moshi wa viwanda, ya kwanza inatazama ndani lakini kwa maneno ya jumla. Sioni haja ya kuandika kanuni inayolazimisha MERV 13 nchi nzima, maana itaangukia kwenye majengo yenye AC za ukutani ambako haina pa kukaa, na itazaa soko la lebo bandia kabla ya mwaka kwisha. Heri mkaguzi aingie na kipimo cha mkononi cha hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua na inayojaa chumba kisichoingiza hewa mpya, asimame katikati ya ofisi saa tisa alasiri, asome namba. Nje ni takriban sehemu 420 kwa milioni. Ndani akikuta zaidi ya 1,500, hakuna cheti kinachoweza kubishana naye. Kipimo hicho kinatosha mfukoni, na wapangaji nao wanaweza kununua chao na kukiweka juu ya printa.

Wapangaji ndio wenye nguvu kuliko wanavyojua, na ndio waliolala zaidi. Yule anayelipa pango la jengo lenye cheti analipia kitu, basi na akidai kitu hicho. Aulize kichujio cha mwisho kilibadilishwa lini na aonyeshwe tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye fremu. Aulize kama vichujio vimo kwenye gharama za huduma anazotozwa kila mwezi au vinasubiri "ofisi ikubali". Rafiki yangu anayehamishia kampuni yake kwenye mojawapo ya majengo hayo ya kijani aliniletea mkataba wake niusome kabla hajausaini. Una kurasa 19. Maegesho yametajwa mara saba, rangi ya mapazia mara mbili, na kuna aya nzima kuhusu kutoanika nguo kwenye baraza. Neno kichujio halimo. Nimeliandika kwa mkono pembeni ya ukurasa wa 11, chini ya lifti, pamoja na miezi mitatu mitatu na mahali pa sahihi, na mpaka naandika haya wakala hajarudisha jibu.